Nyumba Aliyoikana Somoe

Hapa Msimbati wapo watakaokwambia kwamba Somoe alikosa nyumba kwa ajili ya kiburi chake. Usiwasikilize. Wanaosema hivyo ni wale wale waliokunywa chai yake miaka nenda miaka rudi, na siku alipotakiwa mtu wa kumsemea, wote wakapata udhuru. Huyu mgonjwa, yule kaenda shamba. Mimi nilikuwepo tangu tofali la kwanza, basi nitasema nilichokiona, na atakayenuna anune.

Jina langu Celeste, ila wengi wananiita Mama Nelio. Baba yangu alivuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji, akaoa huku mkimbizi mwenzake, akazikwa huku. Mimi nimezaliwa hapa, nimeolewa hapa, nimefiwa na mume hapa, na bado nikigombana na mtu kisimani naambiwa nirudi kwetu ng'ambo. Nimeshazoea. Ninakaanga mihogo na samaki mbele ya nyumba yangu, na nyumba yangu inatazamana na ile ya Somoe, katikati njia ya mchanga tu.

Somoe ni mchokoa pweza. Maji ya bamvua yakitoka, anashika chuma chake anaingia mwambani, anainama tundu hadi tundu, na hakuna mwanamke hapa anayerudi na pweza wengi kama yeye. Aliolewa na Idrisa, mtu wa kule Nanyamba kwenye mikorosho. Kwetu huku mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Idrisa alihamia, akapokelewa na wakwe, na baada ya kukaa sana kwenye nyumba ya udongo wakaamua kujenga ya tofali kwenye kiwanja cha marehemu mama yake Somoe.

Kama hujajenga huku pwani hujui kazi. Tofali la saruji linataka kumwagiliwa asubuhi na jioni mpaka likomae, na maji yenyewe yawe ya kisima kisicho na chumvi. Ukitumia ya chumvi, ukuta unaanza kumomonyoka hata hujahamia. Kisima hicho kiko mbali. Nani aliyechota? Somoe. Na mimi nikimsaidia, ndoo kichwani, tunacheka, tunasengenya watu njia nzima. Idrisa alikuwa mlinzi kwenye kambi ya watu wa gesi, mshahara wake ukanunua mbao na mabati. Pweza wa Somoe wakanunua saruji, mfuko mmoja mmoja. Ikasimama nyumba ya vyumba vinne na baraza pana, na Somoe akaipaka rangi ya kijani kwa mkono wake mwenyewe. Kila asubuhi alikuwa anafuta vumbi madirishani. Nikimwona namtania, "Shoga, utaitoboa hiyo nyumba kwa kufuta." Anacheka, anaendelea kufuta.

Sasa Idrisa. Jamani wanaume! Alianza kwa zamu zisizokwisha, mara kuna mkutano mjini, mara gari limeharibika. Kumbe kapata mwanamke Magomeni, kule Mtwara mjini, na kampangia vyumba. Siku moja alikuja na imamu na mashahidi wawili, wakakaa barazani, akatamka talaka. Somoe alikuwa anapara samaki. Alinawa mikono, akasikiliza mpaka mwisho, akarudi kupara samaki. Kulia alikuja kulia kwangu, na alilia mpaka nikaogopa. Mtoto wao wa pekee, Faraji, yuko Dar. Alipopigiwa simu akasema, "Mama, hayo yamalizeni wenyewe huko." Hebu fikiria, mtoto uliyemzaa!

Eda ilipokwisha Idrisa akatuma ujumbe kwamba anataka nyumba iuzwe, wagawane nusu kwa nusu. Baraza la kata likajaribu kuwasuluhisha, likashindwa, likawapeleka mahakama ya mwanzo. Hapo ndipo hofu ilipomwingia Somoe. Akawa hali, halali, anashika kuta za nyumba ile akipita.

"Mama Nelio, ikiuzwa mimi nitakwenda wapi?" ananiuliza. "Nitaanza tena kuchota maji na magoti haya?"

Hiyo tu ndiyo iliyokuwa shida yake. Mali ya mtu hakuitaka. Alitaka azeekee ndani ya nyumba ile na afie humo, basi.

Nikamwambia, "Sema kweli. Mlijenga wote wawili. Mimi nitakuja kusema maji nilichota na wewe. Hakimu atakupa nusu yako, na ile nusu ya Idrisa utaomba uilipe kidogo kidogo. Hata vikibaki vyumba viwili, ni vyako." Akakubali. Nilimwona kabisa uso umefunguka kidogo, hata akala.

Hapo ndipo alipoingia Mjomba Sudi.

Mjomba Sudi ni kaka wa marehemu mama yake Somoe. Na huku kwetu mjomba ndiye mkubwa. Baba anaweza kusema, lakini mjomba ndiye anayeamua. Mtu mpole yule, kanzu safi, sauti ya chini, akikuita "mwanangu" unajisikia kama umefunikwa shuka. Alikuja akakaa barazani kwa Somoe, akala mihogo niliyompelekea, asante hakutoa, akasema:

"Mwanangu, ukienda kusema nyumba ni yenu wawili, umeshampa nusu. Na nusu yake atamuuzia mtu baki. Utalala ukuta kwa ukuta na mtu usiyemjua."

"Sasa nisemeje, mjomba?"

"Sema ni nyumba ya ukoo. Kiwanja ni cha mama yako, na ukoo ndio uliojenga. Yeye alikuwa mkwe tu, alisaidia kama mkwe anavyosaidia wakwe zake. Mwanamume hana kitu kwenye ukoo wa mke. Na shahidi wa kwanza nitakuwa mimi."

Mimi mdomo wangu haukai. Nikaingilia. "Na saruji aliyonunua Somoe je? Ukoo gani ulioingia mwambani kuchokoa pweza?"

Akanitazama kwa upole ule ule. "Mama Nelio, haya ni mambo ya ukoo. Wako uko ng'ambo."

Nilingoja Somoe aseme neno. Alitazama chini, akawa anakunjakunja upindo wa kanga yake. Mjomba alipoondoka nilimvaa. Nilimwambia, "Somoe, ukimnyima Idrisa kwa maneno hayo, umejinyima na wewe. Kitu cha ukoo si chako." Akanijibu, na aliamini alichokisema, maskini, "Mjomba anifukuze mimi? Mimi ni damu yake. Idrisa ndiye mtu wa kuja." Kisha akanishika mkono akaniomba nisiende kutoa ushahidi, nisije nikamwaibisha mjomba mbele za watu. Niliondoka pale bila kuaga.

Siku ya kesi nilikwenda hivyo hivyo. Nikakaa nyuma kabisa.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani, mwenye subira. Idrisa ndiye aliyetangulia. Akaapa, akasema, "Mheshimiwa, nyumba tulijenga wote wawili. Mimi nilinunua mbao na mabati. Yeye alinunua saruji kwa pweza wake, na maji ya tofali alichota yeye. Naomba nusu yangu, na yeye apewe nusu yake." Sikumpenda Idrisa na simpendi hata leo, lakini siku ile hakuongeza neno wala hakupunguza.

Akaitwa Somoe. Akashika msahafu, akaapa. Hakimu akamuuliza nyumba ni ya nani.

"Ya ukoo wetu, mheshimiwa."

"Wewe hukuchangia chochote?"

"Ilijengwa na ukoo."

Hakimu akavua miwani, akaiweka mezani. "Bibi Somoe, nisikilize vizuri. Mahakama hii inagawa mali iliyochumwa na mume na mke. Kama ulitoa fedha, kama ulichota maji, hata kama ulikuwa unapika na kulea mtoto, mwenzako akiwa kazini, vyote hivyo ni mchango na una haki yako hapa. Lakini mali ya ukoo mimi siigawi. Nikisema nyumba hii ni ya ukoo, inatoka kwake na inatoka kwako. Umenielewa?"

Wallahi nilisimama, Mkristo mimi nikaapa kwa kiapo cha Somoe. Nikasema kwa sauti, "Somoe, sema!" Askari akaniambia nikae au nitolewe nje. Somoe aligeuka akaniona. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Halafu akamtazama Mjomba Sudi, aliyekaa benchi la mbele na tasbihi mkononi, na mjomba akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Nimeelewa, mheshimiwa," akasema. "Ni ya ukoo. Yeye alikuwa mgeni tu pale."

Mjomba akashuhudia vivyo hivyo, na mzee mwingine wa ukoo akaja kutia muhuri. Hukumu ikasomwa wiki zilizofuata. Nyumba si mali ya ndoa, hakuna cha kugawa. Na matunzo je? Somoe alikuwa ameomba Idrisa aendelee kumtunza, maana pweza wamepungua na magoti hayamruhusu kuinama kutwa. Hakimu akaamuru Idrisa alipe yale ya eda ambayo hakuyatoa, yakaishia hapo, kwa sababu mwanamke mwenyewe ameapa kwamba ana makazi na ana ukoo unaomtazama. Umeona mambo hayo? Maneno yale yale yalimtoa kwenye nyumba na yakamtoa kwenye matunzo.

Somoe hakuliona. Alichosikia yeye ni kwamba Idrisa hapati kitu. Alipiga vigelegele pale nje, wenzake wakamwitikia, na Idrisa akapita katikati yao kainamisha kichwa. Kesho yake Somoe akapika pilau, akaniletea sahani iliyojaa. "Uliogopa bure, shoga," akaniambia. Nilikula pilau ile. Ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo, na nilimtakia kheri kwa moyo wote.

Msimu wa korosho haukuisha, Mjomba Sudi akaja na mtu mmoja wa mjini, msimamizi wa mafundi wanaofanya kazi upande wa visima vya gesi kule Mnazi Bay. Wakazunguka nyumba nzima. Yule wa mjini anagonga kuta, anafungua madirisha, anauliza maji yanachotwa wapi. Somoe akadhani mjomba kamletea mpangaji, akawachemshia chai, akawatolea vikombe vya wageni. Mimi nilikuwa kwenye karai langu, nasikia yote.

"Mwanangu," mjomba akasema, "mafundi watachukua vyumba vyote vinne. Wewe utahamia jiko la uani, panatosha mtu mmoja."

Somoe akacheka. Alidhani utani. "Na kodi, mjomba?"

"Kodi ya nyumba ya ukoo inakaa kwa mkubwa wa ukoo. Ukiwa na shida utakuja kuniambia."

"Mjomba, hii nyumba yangu. Unajua kabisa. Saruji yote..."

"Mwanangu," akamkata, bila hata kupandisha sauti, "uliapa kwa msahafu kwamba ni ya ukoo. Mimi nilikuwepo. Sasa unataka watu waseme ulikufuru?"

Nilivuka njia na upawa wangu wa mafuta mkononi. Niliyomwambia mzee yule siwezi kuyarudia. Alinisikiliza mpaka nikachoka, akamgeukia yule mtu wa mjini, akamwambia, "Msamehe, huyu si wa hapa." Kisha wakaondoka. Chai yao ikabaki mezani.

Tulirudi mahakamani mimi na Somoe. Hakimu alimkumbuka. Akamkaribisha kiti, akamsikiliza vizuri, na mimi nilimwona anaumia. "Bibi Somoe," akasema, "nilikuuliza mara mbili. Sasa unataka nimwambie nani kwamba siku ile ulisema uongo? Na muda wa kukata rufaa umepita. Labda awepo mtu aliyejenga nawe, aje aseme kweli, uombe kuongezewa muda. Bila hivyo hakuna mlango." Mtu aliyejenga naye ni nani? Mimi nilimwagilia tu. Aliyejenga naye ni Idrisa.

Basi tukaenda Magomeni. Mke mpya wa Idrisa alitukaribisha mkekani, msichana mwenye adabu, mjamzito, akatuletea maji. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Idrisa akatoka chumbani, akashtuka, akakaa mbali kidogo.

Somoe akamweleza yote. Alimwita "Baba Faraji", kama zamani. Akamwambia, "Nakuomba uje useme kama ulivyosema mwanzo. Nusu yako utaichukua, sikuzuii. Mimi nataka sehemu ya kulala tu."

Idrisa aliposema, sauti ilikuwa inatetemeka, na nilijua si hasira peke yake.

"Mimi nilikukosea, Somoe. Nilikuacha, hilo nitajibu mbele ya Mungu. Lakini siku ile nilisimama mbele ya watu nikakutaja. Nikasema saruji ni yako, maji ulichota wewe. Nilitaka upate chako. Ukaniambia mbele ya ndugu zako wote kwamba nilikuwa mgeni. Miaka ile yote, mgeni! Mkapiga vigelegele. Sasa niende nikaseme nini? Watasema nimekula njama na wewe. Sitakwenda."

"Baba Faraji..."

"Sitakwenda. Nyumba hiyo nimeshaizika."

Somoe hakumbembeleza zaidi. Alimalizia maji yake, akamshukuru yule msichana, akainuka kwa taabu huku kashika goti. Mimi nilitaka kumtukana Idrisa na nikakosa tusi, kwa kuwa hakuna alichosema ambacho si kweli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nilimwambia Somoe ahamie kwangu. Chumba cha Nelio kiko wazi tangu aende kuvua Kilwa. Alikataa. Akasema akihamia kwangu atakuwa ameondoka kweli, lakini akikaa uani bado yuko nyumbani kwake. Nikamwita mjinga. Akaniambia, "Ndiyo, mimi mjinga. Ningesema kweli ningekuwa na vyumba viwili, Celeste. Viwili vya kwangu mwenyewe, na mjomba angekuja kuniomba mimi." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita Celeste. Alilia, na mimi nikalia, na mihogo ikaungua kwenye karai.

Mafundi walihamia. Si watu wabaya, vijana wa Mbeya na Tanga, wanafanya kazi zao, wanarudi wamechoka. Mjomba Sudi alipatana nao kwamba Somoe atawapikia na kuwafanyia usafi. Wanamwita mama. Hawajui lolote, na mimi Somoe amenikataza kuwaambia. Wameipaka sebule rangi nyeupe kwa sababu ile ya kijani, wanasema, inatia giza.

Jana asubuhi nilikuwa nachochea moto wangu nikamwona anatoka uani na ndoo na dekio. Akazunguka nyumba mpaka mbele, akapanda baraza, mlango ulikuwa umefungwa. Akaweka ndoo chini. Akajifunga kanga vizuri, akarudi nyuma hatua moja, kama anavyofanya mtu aliyefika kwa watu.

"Hodi," akasema.

Hakuna aliyejibu. Akasubiri, akapiga hodi tena.